Breki za Gari la Mazao: Kuoanisha Busta na Masta Silinda Zilizokwisha Tumika

Wakulima wengi wa Mwanza na wa mwambao wa Ziwa Victoria wamejipatia magari yao wenyewe ya kuchukulia mazao. Mmoja ana Land Rover ya zamani aliyoirithi kwa baba yake, mwingine ana Hilux iliyopita mikononi mwa watu wanne, na wengine wamechanga fedha watu watatu wakanunua lori dogo la shirika. Aghalabu magari hayo ni ya umri mkubwa, na breki zake ziliundwa kwa kadiri ya uzito na mwendo wa siku zile. Mwenye gari akiisha kutia injini yenye nguvu zaidi, na kuongeza majani ya springi ili abebe magunia mengi, huona ya kuwa breki hazimtoshi tena. Ndipo humwendea fundi, na fundi humshauri anunue busta na masta silinda iliyotoka katika gari jingine lililovunjwa.

Shauri hilo si baya. Vyuma vya mtumba vimeyaweka barabarani magari mengi ambayo bila hivyo yangekuwa mabanda ya kuku. Ubaya ni ile desturi ya kwenda dukani na kuuliza iliyo kubwa kuliko zote, kana kwamba busta na masta ni sufuria, na aliye na watu wengi nyumbani achukue kubwa. Masta kubwa iliyofungwa mahali pasipoifaa hupunguza nguvu ya breki, haiongezi. Na busta kubwa yaweza kuuficha upungufu huo kwa miezi, mpaka siku injini itakapozimika gari likiwa mteremkoni na tani ya mpunga mgongoni.

Basi waraka huu unaeleza namna ya kuvichagua vyombo hivi viwili ili vifanye kazi pamoja, kama vile mkulima achaguavyo ng'ombe wawili wa nira moja. Ng'ombe mwenye nguvu akifungwa na asiyelingana naye, mtaro huenda upande. Kanuni tutakayoifuata ni hii: uchaguzi huanzia kwenye magurudumu, kisha masta, na busta huja mwisho. Mafundi wengi huanza na busta kwa sababu ndiyo ionekanayo mara mtu afunguapo boneti.

Kazi ya masta

Mkanyagapo pedali, fimbo huisukuma pistoni iliyo ndani ya masta silinda, nayo pistoni huyasukuma mafuta ya breki katika mabomba mpaka magurudumuni. Huko mafuta husukuma pistoni nyingine, nazo hubana viatu vya breki ndani ya ngoma, au pedi juu ya diski. Mwanachuoni Mfaransa Blaise Pascal alieleza katika karne ya 17 ya kwamba mgandamizo utiwao katika maji yaliyofungiwa huenea pande zote kwa kadiri moja. Hiyo ndiyo siri yote ya breki za mafuta.

Sasa angalieni jambo ambalo watu wengi hulifahamu kinyume. Nguvu ile ile ya mguu ikisukuma pistoni nyembamba, mgandamizo huwa mkali. Ikisukuma pistoni nene, mgandamizo hutawanyika na kuwa hafifu. Lakini pistoni nene husukuma mafuta mengi kwa mwendo mfupi wa pedali, na nyembamba husukuma machache. Masta kubwa, basi, hutoa mafuta mengi na nguvu kidogo. Masta ndogo hutoa nguvu nyingi na mafuta machache.

Tufanye hesabu ndogo. Masta nyingi za magari yetu zina kipenyo cha ndani kilichopimwa kwa inchi: 3/4, 13/16, 7/8, 15/16, au inchi 1. Tuseme mguu unasukuma pedali kwa uzito wa kilo 25, na wenzo wa pedali unazidisha mara 4, hata fimbo ikasukumwa kwa kilo 100. Pistoni ya 7/8 ina uso wa sentimita mraba 3.9 hivi, na ya inchi 1 ina 5.1. Kwa mguu peke yake, masta ya 7/8 itatoa mgandamizo wa kilo 26 hivi kwa kila sentimita mraba, na masta ya inchi 1 itatoa kilo 20 tu. Tofauti ya vipenyo ni sehemu moja ya nane ya inchi, unene ambao jicho la mnunuzi haliujali, lakini dereva amepungukiwa karibu robo ya nguvu yake.

Mtu atauliza, mbona tusitumie ndogo siku zote? Kwa sababu magurudumu yanataka mafuta yake. Pistoni ya 7/8 ikienda sentimita 3 husukuma sentimita 11.6 za ujazo. Ya inchi 1 husukuma 15.2 kwa mwendo huo huo. Kama breki za magurudumu yote manne zataka sentimita 13 mpaka zibane sawasawa, basi ile ndogo itafika mwisho wa njia yake kabla breki hazijashika, na pedali itagonga sakafu.

Mfano ulio wazi upo katika Land Rover za miaka ya 1960, na nyingi zingali kazini. Ile fupi, ya inchi 88 kutoka ekseli hadi ekseli, ilikuwa na masta ya robo tatu ya inchi. Ile ndefu, ya inchi 109, ilikuwa na masta ya inchi 1, kwa sababu breki zake za magurudumu ni kubwa zaidi na zataka mafuta zaidi. Uso wa pistoni ya pili ni karibu mara moja na robo tatu ya ule wa kwanza. Kwa nje masta hizi mbili zaweza kumdanganya mtu, hasa zikiwa zimepakwa rangi nyeusi na muuza vyuma. Ukiitia ya fupi katika ndefu, pedali itakuwa laini na kuzama. Ukiitia ya ndefu katika fupi, pedali itakuwa ngumu kama jiwe la Bismarck, na gari halitasimama kwa wakati.

Anzeni na magurudumu

Kwa sababu hiyo, kabla ya kununua chochote, jueni kwanza magurudumu yenu yana breki gani. Je, ni ngoma mbele na nyuma? Je, ni diski mbele na ngoma nyuma? Land Rover zote za zamani zilikuwa na ngoma nne, mpaka ilipotoka ile iitwayo One Ten mwaka 1983 yenye diski mbele. Siku hizi mafundi hupenda kuondoa ekseli ya mbele ya zamani na kufunga ya gari la Japani yenye diski. Kazi hiyo ikifanywa vema ni faida kubwa, kwa kuwa diski hupoa upesi na hukauka upesi baada ya kupita majini, na wenye kupita mabondeni wakati wa masika wajua maana yake.

Lakini diski ina tabia yake. Kiatu cha breki katika ngoma hujisaidia chenyewe: ngoma ikizunguka hukivuta kiatu na kukibana zaidi. Pedi ya diski haina msaada huo, kwa hiyo yataka mgandamizo mkubwa kuliko ngoma. Tena pistoni za kalipa, yaani lile koleo lishikalo diski, ni pana na hutaka mafuta mengi kupita zile silinda ndogo za ngoma. Ndiyo maana gari lililotiwa diski na kuachiwa masta yake ya zamani bila busta husimama vibaya kuliko lilivyokuwa. Mwenye gari hushangaa, akasema diski hizi ni bandia. Diski si bandia. Hazijapewa chakula chake.

Iko vali moja ndogo ambayo haina budi kutajwa hapa. Masta nyingi za kale zilizoundwa kwa ngoma zilikuwa na vali mlangoni mwa bomba, ya kubakiza mgandamizo kidogo katika mabomba hata mguu ukiisha kuondoka. Katika ngoma haina dhara, kwa kuwa springi za viatu hushinda nguvu yake. Katika diski hakuna springi ya namna hiyo, na pedi zitabaki zikigusa diski mchana kutwa. Diski itawaka moto, mafuta ya breki yatachemka, na petroli au dizeli itakwisha pasipo sababu. Basi masta ya gari la ngoma nne isiwekwe katika gari la diski kabla fundi hajaiondoa vali hiyo upande wa diski.

Njia iliyo salama kupita zote ni kununua masta, busta, na kalipa zilizotoka katika gari moja, nalo liwe na uzito na ukimo wa matairi unaokaribiana na wa gari lenu. Nasema matairi kwa sababu tairi refu hulipa gurudumu wenzo mkubwa dhidi ya breki, na mtu aliyeongeza matairi amepunguza breki zake bila kuzigusa. Muuza vyuma akisema amekwisha kuvitenganisha vitu hivyo, mwulizeni kwa adabu vilitoka gari gani na la mwaka gani. Na kipenyo kitazameni wenyewe: mara nyingi kimeandikwa kwa namba zilizoinuka ubavuni mwa masta. Pasipo namba, fundi na aipime kwa kipimo cha venia mbele ya macho yenu. Swali la “Fundi, masta hii ni inchi ngapi?” si dharau kwa fundi, na fundi mwema hujibu kwa furaha.

Busta, na hewa ya Mwanza

Busta ni debe la duara lililogawanywa katikati kwa kiwambo cha mpira. Upande mmoja wa kiwambo hewa hunyonywa na injini; upande wa pili, mguu ukikanyaga, hewa ya nje huingia na kukisukuma kiwambo. Kumbe nguvu ya busta si ya injini hasa, bali ni uzito wa hewa ituzungukayo. Mbelgiji Albert Dewandre ndiye aliyebuni chombo cha namna hii katika miaka ya 1920, na tangu hapo asili yake haijabadilika sana.

Kwa kuwa nguvu yatoka hewani, mahali gari lilipo lina neno. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 juu ya bahari, na hewa ya kwetu ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa kadiri ya sehemu moja katika nane. Busta ile ile, iliyotosha kwa shida kule pwani, hapa itapungukiwa kwa kadiri hiyo au zaidi. Jambo hili silo la kumtia mtu hofu, ila ni sababu ya kutochukua busta iliyo ndogo mno kwa kisingizio kwamba huko ilikotoka ilitosha.

Ukubwa wake hupimwa kwa upana wa kiwambo. Kiwambo cha inchi 7 kina uso wa sentimita mraba 248 hivi, na cha inchi 9 kina 410. Injini ikinyonya hewa hata kila sentimita mraba ikasukumwa kwa nguvu ya kilo 0.6, ile ya kwanza yaweza kuongeza kilo 150 hivi, na ya pili kilo 245, kwa hesabu ya juujuu. Rudini sasa kwenye mfano wetu wa mguu wenye kilo 100 katika fimbo. Pamoja na busta ya inchi 9, masta ya 7/8 itatoa karibu kilo 89 kwa sentimita mraba, na ya inchi 1 karibu kilo 68. Ile ya pili bado yaweza kulisimamisha gari, na dereva hatalalamika. Lakini injini ikizimika, atabaki na zile kilo 20 tulizozihesabu kwanza. Busta ina akiba ya kukanyaga mara moja au mbili, pengine tatu. Baada ya hapo ni mguu peke yake.

Hapo ndipo hatari ilipojificha. Mtu ateremkaye kwenye kivuko cha Kisorya kwenda Rugezi na Ukerewe, na mzigo wa mihogo nyuma, ajua ya kuwa injini ya zamani huweza kuzimika pale penye mwinamo. Haifai ajifunze siku hiyo kwamba masta yake ni kubwa mno.

Tena wenye injini za dizeli waangalie sana. Injini ya petroli hunyonya hewa yenyewe kupitia manifoldi. Injini ya dizeli haina uvutaji huo, ndiyo sababu huwekewa pampu ya kunyonya hewa, ambayo katika dizeli nyingi za Japani imefungwa nyuma ya altaneta. Wako watu walioondoa injini ya petroli katika gari lao, wakatia ya dizeli pamoja na altaneta isiyo na pampu, wakaunganisha mpira wa busta kwenye manifoldi, na kuona kazi imekwisha. Busta hiyo ni pambo tu. Altaneta ya mtumba inunuliwe ikiwa na pampu yake, na bomba la oili ya kuilainisha pampu hiyo lisisahauliwe.

Kuikagua busta ya mtumba ni kazi ya dakika tano. Itikiseni: mkisikia kitu kikichezacheza kama maji ndani yake, masta iliyofungwa nayo ilikuwa ikivuja kwa nyuma, na mafuta ya breki yamekwisha kuingia busta. Iacheni. Fungueni masta na kutazama uso wa mbele wa busta. Rangi iliyobabuka pale ni ushahidi ule ule. Kisha jaribuni ile vali ndogo ya mlangoni, ambayo kazi yake ni kuruhusu hewa itoke kwenda injini isirudi. Ukinyonya kwa upande wa injini hewa ipite, na ukipuliza isipite. Ikipita pande zote mbili, ni vali mbovu, wala si ghali kuipata nyingine.

Fimbo iliyo kati yao

Tumefika penye neno linaloharibu kazi nyingi kuliko mengine yote, nalo halionekani kwa nje. Kati ya busta na masta kuna fimbo fupi itokayo katika busta na kuisukuma pistoni ya masta. Busta na masta zilizotoka katika gari moja fimbo yake ilikwisha kupimwa kiwandani. Ukichukua busta ya gari hili na masta ya gari lile, hata kama matundu ya bolti yamelingana vizuri, fimbo yaweza kuwa ndefu mno au fupi mno.

Ikiwa fupi, pedali itakuwa na mchezo mwingi kabla ya breki kuanza kushika. Hilo dereva huliona siku ile ile, na hurudi gereji. Ikiwa ndefu, mambo ni mabaya zaidi, kwa sababu mwanzoni breki zaonekana kuwa nzuri ajabu, pedali i juu na yashika upesi. Kumbe fimbo imeisukuma pistoni kidogo mbele hata ikaziba kitundu ambacho mafuta hupitia kurudi katika kikombe. Gari likienda, breki hupata moto; mafuta hutanuka; yataka kurudi na njia imezibwa. Mgandamizo hupanda wenyewe pasipo mguu, breki huzidi kubana, moto huzidi, na baada ya kilomita 20 au 30 gari hujifunga barabarani. Dereva akingoja lipoe, breki huachia, akaendelea na safari akidhani ni uchawi au ni vumbi. Wengine hulegeza nipeli ya gurudumu njiani wapunguze mafuta, nao huingiza upepo juu ya lile baya la kwanza.

Namna ya kupima fimbo haitaki chombo cha gharama. Twaeni nta laini, au unga wa ngano uliokandwa ukawa mgumu kidogo, mkaweke kidonge chake katika shimo la pistoni ya masta. Fungeni masta kwenye busta kwa bolti zake, kisha mfungue tena na kutazama kidonge kilivyobonyea. Unene uliobaki ndio nafasi iliyopo kati ya fimbo na pistoni. Nafasi hiyo yapasa iwepo, lakini iwe chini ya milimita moja. Kidonge kikiwa kimetobolewa kabisa, fimbo i ndefu. Busta nyingi zina nati ndogo kichwani mwa fimbo ya kurefusha na kufupisha. Fundi asikubali kuweka washa kati ya busta na masta badala ya kurekebisha nati hiyo, maana washa huacha mwanya wa hewa na busta haitashika.

Mabomba, na vali ya mzigo

Katika mabomba nitasema machache. Masta za Toyota na za magari mengi ya Japani zina nyuzi za milimita 10. Land Rover za zamani zina nyuzi za inchi 3/8, yaani milimita 9.5. Nati ya 3/8 huingia katika tundu la milimita 10 kwa urahisi, na hapo ndipo palipo na mtego: huingia, huonekana kukaza, lakini meno hayashikani, na siku dereva atakapokanyaga kwa nguvu zote itachomoka. Basi mabomba yakatwe na kufungwa nati zinazoifuata masta mpya, na ncha zake zitanuliwe kwa umbo lile lile la asili. Tena masta ikiwa ya vyumba viwili, kimoja cha mbele na kimoja cha nyuma, fundi ahakikishe kila chumba kimepewa magurudumu yake. Masta ya vyumba viwili ni bora kwa kila hali, kwa kuwa bomba moja likipasuka bado nusu ya breki hubaki. Gari lenye masta ya chumba kimoja likipata tundu moja halina kitu.

Wenye Hilux na pikapu za jamaa yake wana neno lao. Juu ya ekseli ya nyuma iko vali yenye mkono wa chuma, inayopima mzigo. Gari likiwa tupu, chesisi huwa juu, na vali huizuia nguvu ya breki za nyuma ili magurudumu yasifunge na gari kugeuka. Gari likijazwa, chesisi hushuka, na vali huachilia nguvu zaidi. Mkulima akiongeza majani ya springi, chesisi haishuki tena hata kwa magunia 12 ya mpunga. Vali hudhani gari ni tupu, na breki za mbele hufanya kazi ya zote. Huenda breki zilizomfanya atafute busta kubwa ni hizo tu! Kabla ya kununua lolote, mkono wa vali hiyo urekebishwe kufuata kimo kipya cha springi. Wako mafundi waiondoao kabisa. Gari lao hushika vizuri likiwa na mzigo, na mvua ikinyesha likiwa tupu, nyuma huja mbele.

Mipira na mafuta yake

Masta iliyolala miaka miwili dukani mipira yake imekauka. Ifunguliwe na kutiwa mipira mipya kabla ya kufungwa garini. Ndani ya silinda pawe laini kama kioo. Vijitundu vya kutu vikionekana, hiyo si masta tena. Masta ya chuma cheusi yaweza kusuguliwa kidogo, lakini ya alumini isisuguliwe kamwe, kwa kuwa ngozi yake ngumu ya juu ikiisha kutoka, mipira huliwa upesi.

Sisi tumezoea kuyaita mafuta ya breki, na wengine huyaita oili, na jina hilo limewaponza watu. Si oili. Oili ya injini, hata tone la kijiko, huvimbisha mipira ya masta na ya magurudumu yote, na hapo hakuna dawa ila kubadili mipira yote. Tumieni yale yaliyoandikwa DOT 3 au DOT 4. DOT 3 ikiwa mpya huchemka kwenye nyuzijoto zisizopungua 205, lakini hunywa unyevu wa hewani mwaka hata mwaka, na ikiisha kunywa yaweza kuchemka kwenye 140. Kopo lililokaa wazi rafuni tangu msimu uliopita limwagwe, mahali pasipo mimea.

Kujaribu kabla ya kupakia

Kazi ikiisha, na upepo ukiisha kutolewa katika mabomba, jaribuni gari likiwa tupu, uwanjani, mbali na watu. Injini ikiwa imezimwa, kanyageni pedali mara nne au tano mpaka iwe ngumu. Mkiishikilia hivyo, washeni injini: pedali ishuke kidogo chini ya mguu. Isiposhuka, busta haifanyi kazi. Kisha, injini ikiwaka, shikilieni pedali kwa nguvu nusu dakika. Ikizama polepole na wala hakuna bomba linalovuja, mipira ya ndani ya masta inapitisha.

Jaribio la tatu ndilo ambalo karibu hakuna alifanyaye, nalo ndilo litakaloonyesha kama masta yenu ni ya kadiri. Pelekeni gari kwenye mwinamo mdogo wenye mwisho salama, likiwa na nusu ya mzigo. Zimeni injini, na funguo ibaki mahali pake ili usukani usijifunge. Kanyageni pedali mpaka akiba ya busta iishe, kisha achieni gari liende mwendo wa mtu atembeaye, na kulisimamisha kwa mguu. Itakuwa kazi nzito, lakini lisimame. Likikataa, masta ni kubwa kwa gari hilo, au pedali ina wenzo mfupi, na busta yoyote mtakayoongeza itaficha jambo hilo tu. Dukani zipo za 15/16 na za 7/8. Rudini mkabadilishe, na kidonge cha nta kipimwe upya.

Baada ya safari ya kwanza, tuseme kutoka mjini kupita Usagara mpaka Misungwi, simameni na kukaribisha mkono kwenye kila gurudumu bila kuligusa. Yote yapate moto unaofanana, kulia kama kushoto. Moja likiwa na moto kupita mwenzake, kuna silinda iliyokwama huko. Yakiwa yote yawaka moto na pedali imekuwa fupi na ngumu, ni ile fimbo. Vyuma vyenu vya zamani visiuzwe kwa mnunuzi wa chakavu mpaka safari hiyo ipite salama.